Lori la Maziwa na Meseji za Wachuka

Jumatatu, Machi 17

Wachuka wangu amepewa lori la maziwa. Sio kuliendesha, hiyo ni kazi ya Munyao. Amepewa akili ya lori. Sosaiti yetu ya maziwa imemruhusu afunge kifaa chake ndani, kidogo kama kipande cha sabuni, na hicho kifaa kinajua lori liko wapi barabarani. Likipita Kona ya Theuri, pale chini ya kilima chetu, kila mwenye ng'ombe huku juu anapata meseji: *Lori liko karibu. Leta maziwa.* Hata kabambe yangu, simu ya vitufe, itaipata. Hakuna tena kusimama kwenye banda la maziwa tangu alfajiri ukinyeshewa, hujui kama lori litakuja sasa hivi au wakati jua limeshapanda.

Amekitengeneza mwenyewe, hapa kwenye meza yangu ya kulia. Alisoma chuo cha ufundi pale Nyeri mjini, na mwalimu wake aliniambia kwa mdomo wake, siku ya kufuzu, kwamba mikono ya Wachuka inafikiri. Mimi nilifika darasa la nane tu, lakini insha zangu zilikuwa zinasomewa darasa zima, kwa hivyo hii akili haikuanguka kutoka mbinguni. Baba Wachuka anasema imetoka kwao. Nimemwachia, nisimvunje moyo.

Mwenyekiti, Mzee Kinuthia, amesema ni majaribio ya msimu huu wa mvua. Mvua ikiisha na kazi ikiwa nzuri, Wachuka anapewa meza kwenye ofisi ya sosaiti, na atakuwa akirudi nyumbani kila jioni. Ikishindikana anaenda Kenol kwa binamu yake, kubandika vioo vya simu kwenye kioski kando ya barabara kuu. Ni kazi, siidharau. Lakini mtu hafundishi lori kuongea halafu aende kubandika vioo.

Jumatano, Machi 19

Mvua imeanza. Nimetoa gambuti, viatu vya mvua, chini ya kitanda, buibui wamehama.

Jumamosi, Machi 22

Leo nimesubiri lori kwa mara ya mwisho, au karibu ya mwisho, kwa sababu meseji zinaanza Jumatatu. Niliangalia lile banda kama mtu anayehama nyumba.

Tulikuwa kama kawaida, kila mtu na mtungi wake. Hii mitungi ya aluminiamu ililetwa na sosaiti nikiwa nimeolewa majuzi, badala ya vibuyu vya plastiki, ati maziwa yasichache. Haukupita muda sisi wanawake tukaigeuza kipimo. Ukija na mtungi usiong'aa unaangaliwa kama mtu aliyekuja kanisani na kandambili. Mama mkwe wangu alikuwa akiusugua wake kwa mchanga wa mto hata siku ng'ombe hawana maziwa. Sijui kama yule aliyeitengeneza mitungi alijua anatutengenezea na kitu cha kusemana.

Risper alikuwa pale, Mama Maxwel, bibi ya koplo wa kituo cha polisi. Alikuja huku kutoka Siaya hajui hata kushika titi la ng'ombe, mimi ndiye niliyemfundisha, na sasa ng'ombe wake anatoa kuliko wangu na ananikumbusha. Kagure naye alikaa kwenye jiwe lake la kila siku. Ni mke mgeni, anaishi na mama mkwe wake mzee, Cucu Wakonyo, na pale bandani ndipo huwa anacheka. Nyumbani kwao simsikii.

Lori lilikwama kwenye matope kule konani, Munyao akapiga honi, tukaweka mitungi chini tukateremka kumsukuma, tukapanda tena tukiwa na matope mpaka magotini. Risper akasema, "Mwambie Wachuka atengeneze mashine ya kusukuma. Hiyo ya kuongea tunazo za kutosha hapa." Akaniangalia mimi.

Jumatatu, Machi 24

Imefanya kazi. Nilikuwa napika uji, simu ikalia, nikatoka na mtungi, nikafika bandani na lori likafika. Kama harusi iliyopangwa vizuri. Munyao alishangaa kutukuta wote tunaingia pamoja, akauliza kama kuna mkutano wa chifu. Nikamwambia ni mkutano wa Wachuka.

Ijumaa, Machi 28

Kila siku imefanya kazi. Mvua bado ni manyunyu, lori halijakwama. Asubuhi niko nyumbani, nakunywa chai nikiwa nimekaa chini kama mwalimu mkuu. Baba Wachuka hajazoea. Ananipita jikoni mara hii na mara hii, mwisho akauliza kama sina mahali pa kwenda. Nikamwambia hapa ni kwangu. Akasema anajua, lakini ilikuwa kawaida yake kusikiliza taarifa ya redio saa hii bila mtu kujibu redio.

Jumapili, Machi 30

Kanisani nilisimama wakati wa shukrani. Nilisema kwa kifupi, lakini mchungaji aliangalia saa. Nilipotoka, Risper, ambaye alikuwa amealikwa na kwaya, akaniambia, "Mama Wachuka, hata mvua ikinyesha utasema ni Wachuka ameituma." Nikamwambia bado, hiyo ni ya mwaka ujao.

Jumapili, Aprili 6

Sijaonana vizuri na Kagure wiki hii yote. Tunakutana lori likiwa limeshafika, kila mtu anamwaga maziwa yake, anarudi. Alikuwa na kitu usoni, nikataka kumuuliza, lakini alikuwa ameshageuka.

Jumatano, Aprili 9

Mvua kubwa. Nepia, majani ya ng'ombe, zimelala chini.

Jumatatu, Aprili 14

Siku mbaya. Naandika mchana, Wachuka amejifungia chumbani.

Mvua ilinyesha tangu jana bila kupumua. Asubuhi nikakamua, nikachuja, nikaweka mtungi mlangoni, nikaweka simu juu ya kifuniko ili nisikose. Nikangoja. Nikapika uji. Nikafua nguo mbili ndani ya nyumba. Simu kimya. Baba Wachuka akasema labda sina mtandao, nikampigia Risper, akasema hata yake iko kimya na amekaa tu. Nikasema basi lori bado.

Sasa nitaandika jambo ambalo kila mtu kwenye kilima hiki analijua leo. Nilisikia honi. Niliisikia vizuri kabisa, mbali, kule konani, ikilia na kunyamaza na kulia tena. Nikajisemea, Munyao amekwama, wale walio bandani watateremka. Nikaendelea na uji. Risper aliisikia akasema hivyo hivyo. Kagure aliisikia. Theuri mwenyewe, ambaye ile kona ni ya shamba lake, aliisikia akavuta blanketi. Kila mtu alijua kuna watu bandani. Na bandani hapakuwa na mtu, kwa sababu kila mtu alikuwa nyumbani akingoja meseji, na meseji haiji mpaka lori lipite kona, na lori haliwezi kupita kona mpaka tulisukume.

Wachuka ndiye aliyeshuka kuangalia, na mimi nyuma yake. Tulikuta lori limezama mpaka kwenye ekseli. Munyao alikuwa amekaa kwenye ngazi ya lori, amejifunika gunia, amelowa kama kifaranga. Pale bondeni hakuna mtandao, na hawezi kuacha maziwa ya watu barabarani.

"Mama," akaniambia, "nimepiga honi mpaka betri imechoka. Nikafikiri kuna mazishi ambayo sikuambiwa."

Tulipokusanya watu likatoka. Lakini jua lilikuwa limeshapanda, na maziwa ya vijiji vyote vya chini, yale yaliyokuwa ndani ya lori, yalikuwa yamechacha. Yetu pia. Munyao alifungua kifuniko kimoja na hakuhitaji kunusa, sote tulisikia kutoka pale tuliposimama.

Wachuka alisimama kwenye matope akiangalia juu kuelekea bandani, akageuka akaangalia lori, halafu juu tena.

Jumanne, Aprili 15

Mzee Kinuthia amekuja bandani na mwavuli wake mweusi. Alizungumza kwa upole, na huo upole ndio uliniogopesha. Akasema watu wa vijiji vya chini wamelalamika, na kamati itakaa mwisho wa Mei kuamua kama kifaa kitabaki.

Wanawake wakaanza. Ati simu ndiyo iliyosema tukae. Ati mtu akiambiwa angoje meseji atafanya nini. Na Risper, ambaye nilimfundisha kukamua, akasema mbele ya mwenyekiti, "Mzee, hii mashine ya mtoto wa Mama Wachuka imetulaza. Zamani tulikuwa macho."

Nikabeba mtungi wangu nikaenda. Sikumuaga mtu.

Ijumaa, Aprili 18

Ijumaa Kuu. Mvua. Risper alinisalimia barabarani, nikaitikia kidogo.

Jumatano, Aprili 23

Wachuka amerekebisha. Sasa lori likipita daraja la mtoni, kule chini ambako mtandao uko, kifaa kinaanza kuhesabu. Lisipotokea juu ya kona kwa muda unaofaa, simu inajua limekwama, na inaita nyumba tano kwa zamu: *Lori limekwama. Leo ni zamu yako kusukuma.* Alinieleza mara mbili huku akila wima, na nilielewa mara ya kwanza. Haki kabisa. Hakuna nyumba itakayosukuma kuliko nyingine. Nikamwambia hata serikali haijafikiria hivyo.

Ijumaa, Aprili 25

Meseji ya zamu imemwita Cucu Wakonyo.

Kagure alimwambia akae, ataenda yeye. Kikongwe wa watu akakataa, akasema jina ni lake, simu imemwita yeye. Akashuka mpaka konani na fimbo na gambuti za marehemu mume wake, akaweka mkono mmoja juu ya lori, akasema haya. Tukasukuma kwa adabu sana, tukiogopa kumwangusha. Munyao alishuka akamshukuru. Sasa Cucu anamwambia kila mtu kwamba sosaiti haiwezi bila yeye.

Jumatano, Aprili 30

Nilifikiri ile ya Cucu ilikuwa kichekesho tu. Leo tulikuwa konani, lori limekwama, na tumesimama kwenye mvua tukibishana. Theuri anasema alisukuma Jumatatu ingawa haikuwa zamu yake, kwa hivyo leo hasukumi. Mwingine anasema zamu yake iliangukia siku ambayo lori halikukwama, je, inahesabiwa? Wengine wawili hawakuja kabisa, ati meseji haikuwataja, na mmoja wao tulimwona akituangalia juu ya ua wake akila mkate. Munyao alizima injini ili asipoteze dizeli akitungoja.

Mimi nilikuwa nimekuja ingawa sikuitwa, kwa sababu ya Wachuka. Risper naye alikuwa amekuja, sijui kwa sababu ya nini. Alinisogelea, akasema kwa sauti ya chini, bila ule mzaha wake:

"Mama Wachuka, zamani nilisukuma kwa sababu nilikuwa hapa. Sasa nasukuma kwa sababu nimeandikwa. Hata mikono haitaki."

Nilitaka kukasirika, sikuweza. Tangu mashine ianze nimekuwa nikimwona Risper kama adui wa mtoto wangu, na kumbe huyu ndiye mtu pekee aliyeniambia kitu nilichokuwa nakijua. Tukaweka mabega kwenye lori, mimi na yeye. Wengine wakaaibika wakaja.

Ijumaa, Mei 2

Wachuka amekaa bandani asubuhi yote, peke yake, bila mtungi. Nilimwona kutoka kwenye nepia. Amekaa kwenye lile jiwe la Kagure, mikono kwenye mifuko ya koti, anaangalia barabara.

Jumapili, Mei 4

Nilipika mukimo na kuku, na si sikukuu. Wachuka alikula kidogo, akasema binamu yake wa Kenol amempigia, kioski kina nafasi. Baba Wachuka akatoka nje kuangalia ng'ombe ambaye hakuwa na shida yoyote.

Nikamwuliza kama mashine imeharibika. Akasema hapana, mashine iko sawa. Inajua lori liko wapi kuliko hata Munyao.

"Sasa shida ni nini?"

"Nilihesabu kusubiri kama hasara, Mami," akasema. "Niliondoa kusubiri, na kila kitu kilikuwa kimening'inia hapo. Kusukuma, kusaidiana, kujua nani ni mgonjwa. Nilipojaribu kurudisha hicho kimoja cha kusukuma peke yake, kikakataa kukaa."

Nikamwambia hakuna mtu angejua hayo. Akasema angejua kama angekuja kusubiri hata wiki moja kabla ya kuanza. Huyu mtoto nilimzaa na nimemlea miaka yote hii, na bado ananishangaza jinsi anavyoweza kuongea juu ya kosa lake bila kulia wala kumlaumu mtu. Hilo halikutoka kwangu. Labda kweli lilitoka kwa baba yake.

Jumanne, Mei 6

Jambo la ajabu. Meseji ya zamu imepotea. Imerudi ile ya kwanza, *Lori liko karibu, leta maziwa*, tukatoka wote na mitungi, tukafika bandani, na lori hakuna. Tukangoja. Mvua ikaja, tukajibana chini ya mabati. Watu wakalalamika kidogo, halafu Theuri akaanza kueleza jinsi fahali wake alivyomkimbiza daktari wa mifugo mpaka kwenye mti wa parachichi, na kulalamika kukasahaulika. Kagure alicheka. Sikuwa nimesikia hicho kicheko tangu Machi.

Honi ikalia. Tukashuka, tukasukuma, tukapanda. Hakuna aliyeuliza zamu ya nani.

Nilipofika nyumbani nilimkuta Wachuka anafua. Nikamwambia meseji imekosea, imekuja mapema sana. Akaendelea kufua. Nikarudia. Akasema, bila kuinua kichwa, "Haijakosea, Mami. Niliisogeza. Siku hizi inaita lori likiwa bado darajani."

Nikakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Daraja liko mbali. Kutoka darajani mpaka hapa, na matope haya, mtu anaweza kukamua tena.

"Kwa hivyo inaposema karibu..."

"Sio karibu." Akakamua shati. "Mami, nakuomba. Hii usiseme kanisani. Wakijua, hawatakuja mapema."

Yaani mtoto wangu amefanya jambo kubwa kuliko yote aliyowahi kufanya, na mimi ndiye nisiseme.

Jumatano, Mei 7

Sijasema.

Alhamisi, Mei 8

Sijasema. Risper ameniuliza kama naumwa.

Jumapili, Mei 11

Wakati wa shukrani mchungaji aliniangalia akingoja. Nikashukuru kwa mvua. Watu waligeuka kuniangalia.

Alhamisi, Mei 15

Mvua bado. Lori limekwama karibu kila siku wiki hii na hakuna lita iliyochacha. Leo tukisubiri, Kagure aliniambia kile kitu kilichokuwa usoni pake mwezi uliopita. Ana mimba, na alikuwa akiogopa, mamake mzazi yuko mbali, hakuwa amepata mtu wa kuuliza. Tulikuwa wanawake wanne, tulimjibu wote pamoja, na kila mmoja akapinga jibu la mwingine. Aliondoka amechanganyikiwa lakini ametulia.

Midomo yangu inauma kwa kunyamaza.

Ijumaa, Mei 23

Mzee Kinuthia amekuja leo mwenyewe kupima mashine. Kamati inakaa wiki ijayo na hataki kuambiwa, anataka kuona. Alifika bandani kabla yetu, amevaa viatu vya ngozi, saa imefungwa juu ya mkono wa koti ili aisome vizuri. Wachuka alisimama kando. Uso wake ulikuwa na rangi ya unga.

Simu zikalia zote pamoja. Mzee akasoma kwa sauti, *Lori liko karibu*, akaangalia saa, akaangalia barabara. Barabara tupu. Tukakaa. Hakuna aliyesimulia kitu. Mzee aliangalia saa tena, akatembea mpaka mwisho wa banda akarudi. Mimi nilisugua mtungi wangu kwa leso mpaka ningeweza kujiona meno.

Mwishowe akasimama mbele yetu. "Akina mama, niambieni ukweli. Hii meseji inakuja kwa wakati?"

Nilifungua mdomo. Sijui ningesema nini, namshukuru Mungu sikuwahi. Risper alikuwa ameshajibu.

"Mzee, meseji inakuja sawa. Lori ndilo linachelewa."

Wote wakaitikia, ndiyo, lori, hata huyu Munyao siku hizi anaendesha kama anabeba mayai. Walimsema Munyao maskini mpaka nikamhurumia. Mzee akaanza kutikisa kichwa akikubali, na mimi moyoni nikasema, basi, meza ya ofisi tumeipata.

Wachuka akasogea mbele.

"Mzee, sio lori," akasema. "Ni mimi. Nimeiweka iite mapema. Munyao hana makosa."

Nilisikia mvua ikidondoka kutoka kwenye mabati. Niliona kioski cha Kenol, na vioo vya simu, na kitanda chake kikiwa kimetandikwa bila mtu. Nilitaka kumvuta kwa koti arudi nyuma kama nilivyokuwa nikimvuta akiwa mdogo karibu na moto.

Risper akapumua. "Tunajua, mtoto," akasema. "Keti."

Sote tukamwangalia. Yeye akamwangalia mwenyekiti. "Mzee, kwani sisi hatuna masikio? Lori likipita kule darajani mbao zinalia mpaka huku. Simu inaita na mbao zinalia. Hatujawahi kudanganyika hata siku moja."

"Na mnakuja?" Mzee akauliza.

"Si unatuona?"

Mzee alikuwa bado anaangalia saa yake wakati honi ilipolia konani. Tukaweka mitungi chini. Kwa mazoea tu, sidhani kama kuna aliyefikiri. Tulipokuwa tunateremka nikageuka, nikaona mwenyekiti wa sosaiti akija nyuma yetu na vile viatu, akishika ua wa Theuri asiteleze. Alisukuma upande wa kushoto karibu na Kagure, ambaye tulimkataza kusukuma na akasukuma kwa kidole. Lori likatoka likimrushia Mzee matope mpaka kwenye miwani.

Alijipangusa polepole. Akamwambia Wachuka, "Lori limechelewa na maziwa hayajachacha. Mimi nitawaambia kamati hayo mawili. Hayo mengine sikuyaelewa vizuri." Halafu akauliza kama kuna mtu ana leso.

Tukirudi na mitungi mitupu nilimuuliza Risper ni tangu lini. Akasema tangu siku ya kwanza. Na wewe, akasema, ulivyokuwa umefunga mdomo wiki mbili, hata mtu kiziwi angejua kuna kitu. Kagure akacheka mpaka akasimama. Halafu akanishika mkono, akasema kwa sauti ya chini:

"Mama Wachuka, usimwache airekebishe. Zamani nikitoka mapema Cucu ananiuliza naenda wapi na lori halijafika. Sasa namwonyesha simu. Anasema, haraka, unaitwa."

Jumamosi, Mei 31

Kamati imepitisha. Meza ni ya Wachuka, kuanzia Juni, na wanataka afunge vifaa kwenye malori mengine mawili. Amewaambia kwanza ataenda kusubiri na watu wa huko. Walimuuliza kusubiri nini. Akasema hajui bado.

Nimemwambia kila mtu. Nimempigia hata yule binamu wa Kenol.

Jumatatu, Juni 9

Mvua imeisha, ukungu wa baridi umeanza. Barabara imekauka, na wiki iliyopita yote Munyao hakukwama hata mara moja. Jana Wachuka aliniuliza wakati wa chai kama sasa arudishe meseji konani, kwa kuwa hakuna tena matope wala mtu wa kusukuma. Aliniuliza kama fundi anavyomuuliza mwenye nyumba. Nikamwambia aiache.

Leo asubuhi simu imelia. Baba Wachuka, bila kuondoa sikio kwenye redio, akasema, "Unaitwa." Nikachukua mtungi na blanketi la kujifunika, nikatoka. Lori lilikuwa bado darajani. Nilipofika bandani walikuwa wameshajaa, na Theuri alikuwa akisimulia tena, amefika pale ambapo fahali anageuka.